Alama Kwenye Uwanja wa Tatu

Mke wangu akilala mchana, mguu wake wa kulia hutoka nje ya shuka, ukajinyoosha, kisha ukaanza kufuta godoro kwa unyayo, taratibu, kushoto na kulia, mpaka aridhike na jambo analoliona huko aliko. Nimeishi na mguu huo miaka ishirini na tisa. Mwanzoni nilikuwa nikimwamsha. Siku hizi namwacha amalize, kwa sababu nikimkatiza huamka na kinyongo, na chai ya saa kumi tunainywa kama wageni wawili waliokutana stesheni.

Najua anachofuta. Anafuta alama ya mpira.

Ni bora nianze kwa kusema yeye ni nani, maana ukimwona sokoni na kapu lake na ile kofia yake ya kitambaa huwezi kudhani. Mke wangu alikuwa mchezaji wa tenisi wa kulipwa kwa miaka kumi na minne. Siku aliyopanda juu kabisa alikuwa wa mia mbili sitini na moja duniani kwa upande wa wanawake. Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, nilipomwambia hivyo alicheka akauliza hao mia mbili sitini wengine wanakaa mtaa gani. Nilimwambia ahesabu kwanza wanawake wote waliowahi kushika raketi juu ya uso wa dunia, halafu arudi tuongee. Hajarudi. Mwalimu wa hesabu mzima, na hesabu hiyo imemshinda.

Mwenyewe wala hajali. Tangu akiwa na miaka sita watu wanamwita Ufagio, na mtu aliyezoea kuitwa Ufagio havimbi kichwa kirahisi. Jina alipewa na wanachama wa klabu ambako baba yake alikuwa mtunza viwanja. Mzee alitangulia na ufagio mrefu, binti akafuata nyuma na ufagio uliokatwa mpini, na wanachama wakavikuta viwanja vimeshafagiliwa mara mbili.

Klabu ilikuwa na viwanja vinne vya udongo mwekundu, uliosagwa laini kama unga na kutandazwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Mpira ukidunda juu ya udongo huo huacha alama, doa dogo lenye umbo la yai, na hapo ndipo watu hugombania: umegusa mstari au haukugusa? Mistari yenyewe ni utepe mweupe uliopigiliwa misumari. Mechi ikiisha, mtunza viwanja huburuta wavu mpana juu ya uwanja mzima, alama zote zikapotea, na wanaofuata wakakuta mahali kama hapajawahi kukanyagwa. Asubuhi Mzee akimwaga maji, harufu ya udongo ulioloa ilipanda mpaka vyumba vya kubadilishia nguo. Ufagio husema utoto wake wote una harufu hiyo, na kwamba hakumbuki hata siku moja iliyokuwa na kelele. Nadhani anapiga chuku, maana hakuna utoto usio na kelele, lakini akianza kusimulia hayo macho yake huenda mbali na mimi sina moyo wa kumbishia.

Mzee alikuwa mtu wa maneno machache na masharti mengi. Maji yamwagwe kabla jua halijashika. Wavu uburutwe kwa mzunguko, kuanzia nje kwenda ndani. Viatu vikung'utwe mlangoni. Na sharti kubwa kuliko yote lilikuwa la alama.

"Ukipita penye alama, futa," alimwambia binti yake. "Usiwaachie watu kazi."

Basi akafuta. Alifuta akienda kuokota mipira, akafuta akirudi, akafuta huku anaongea na watu wazima waliomuuliza darasa la ngapi. Mguu ulijifunza kabla ya kichwa. Alipofika miaka kumi ulikuwa ukifanya kazi wenyewe, kama mkono wa mama unaopiga piga mgongo wa mtoto huku akili yake iko jikoni.

Kucheza alijifunzia ukutani, ile nusu saa baada ya usafi na kabla ya mwanachama wa kwanza. Raketi yake ya kwanza ilitupwa na daktari mmoja wa meno aliyeivunja mpini kwa hasira. Mzee aliukata kwa msumeno, akauzungushia tyubu ya baiskeli, na kwa raketi hiyo fupi mtoto akaupiga ukuta mpaka rangi ikabanduka. Siku moja mwalimu wa klabu alisimama na kikombe chake cha kahawa akamtazama mpaka kahawa ikapoa. Ndivyo ilivyoanza. Kufikia miaka kumi na minane alikuwa akishindana kwa riziki, na akawa kiguu na njia.

Msije mkadhani ni maisha ya kupokelewa na magari meusi. Wachezaji wa daraja lake walikwenda kwa mabasi na treni, wamekumbatia mifuko ya raketi kama watoto wachanga. Walifua sketi kwenye sinki la hoteli, wakazianika dirishani juu ya raketi, wakalala chumba kimoja na mtu ambaye kesho yake ndiye atakayewatoa kwenye mashindano. Aliwahi kuniambia kwamba nchi alizopita anazikumbuka kwa dari zake. Kuna dari yenye doa la maji kama sikio, nyingine ya mbao yenye matundu aliyoyahesabu mara tatu. Akifunga macho, anasema, dari zile hupita juu yake moja baada ya nyingine kama mawingu, naye amelala chali, nyayo zinamuuma, hajui tena ni mji gani, na hana huzuni wala furaha.

Mimi niliingia katika habari hii nikiwa fundi wa nyuzi. Kila mashindano huwa na mtu mmoja mwenye mashine ya kuvuta nyuzi za raketi, meza yake imewekwa pembeni chini ya turubai, na wachezaji humiminika kwake wakitaka zao zimalizwe jana. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa hodari, nasema mwenyewe kwa sababu walioweza kushuhudia wametawanyika. Raketi ya Ufagio sikuiacha ingoje foleni hata siku moja. Wengine wakalalamika. Niliwaambia kila mtu na mkono wake wa kulia, na wangu ndio unaojua nani aanze.

Mwaka huo, yeye akiwa na miaka ishirini na mitatu, mashindano yalikuja pale pale klabuni kwao. Mzee alivitengeneza viwanja vile kama anayetandika kitanda cha harusi. Ufagio alishinda mechi tatu mfululizo akafika nusu fainali, uwanja wa tatu, ule ulio karibu na ghala la Mzee. Akishinda ile moja, pointi zingemtosha kuingia kwenye mchujo wa yale mashindano makubwa ambayo hata jirani yetu wa hesabu huyatazama kwenye televisheni. Alikuwa hajawahi kufika huko.

Mvua ilinyesha asubuhi ile. Mzee alipiga magoti akaukausha uwanja kwa sponji, kiraka kwa kiraka, akatandaza udongo mpya mkavu juu ya ule uliolowa. Saa tisa mechi ikaanza. Mpinzani alikuwa binti mrefu tuliyemwita Ngazi. Mimi nilikuwa na meza yangu nyuma ya mstari wa mwisho, hatua tano kutoka uzio. Mzee alisimama ng'ambo ya pili, mikono imeshika nyaya za uzio, kofia mkononi.

Kila mmoja akashinda seti moja. Seti ya tatu, Ufagio akaongoza gemu tano kwa nne, arobaini kwa thelathini. Pointi moja tu ilibaki ashinde mechi. Walipigiana mpira muda mrefu, mpaka watu wakasahau kukohoa, na mwishowe Ngazi akausukuma mrefu, chini kwenye pembe, upande wangu. Niliuona ukidunda. Ulitoka nje. Kati ya alama na utepe palikuwa na udongo mwekundu unaoonekana wazi, na sikuhitaji miwani.

Ufagio akanyoosha kidole: nje. Alikuwa ameshinda. Uso wake ulifunguka, macho yakamtafuta baba yake kule kwenye uzio, akaanza kutembea kwenda wavuni kupeana mkono. Na alipopita penye ile alama, mguu wake wa kulia ukaifuta.

Sasa, kwenye udongo kuna desturi ambayo kila mchezaji anaijua. Alama iliyo upande wako ni yako kuilinda. Ukiona mpira umetoka unasimama, unaionyesha kwa raketi, na mwenzako akibisha mwamuzi anashuka kutoka kwenye kiti chake kirefu kuja kuitazama. Ukiifuta kwa mguu, umekubali kwamba mpira uliingia. Hakuna haja ya kusema neno.

Ngazi akanyanyua mkono akabisha. Mwamuzi akashuka, akaja, akainama. Palikuwa na mburuzo wa kiatu tu, udongo umelainishwa vizuri, kazi safi kabisa.

"Umeifuta mwenyewe," mwamuzi alisema, na nadhani alimhurumia. "Pointi ni yake."

Ufagio aliutazama mguu wake. Sijawahi kuona mtu anautazama mguu wake namna ile, kana kwamba ni wa mtu aliyeketi karibu naye kwenye basi. Kisha akatazama tena kwenye uzio. Mzee alikuwa bado amesimama, ila kofia ilikuwa imeanguka chini na hakuiokota. Wakarudi sare, gemu ikaenda, nyingine ikaenda. Akafungwa saba kwa tano. Damu yangu ilichemka hivi kwamba nilikata nyuzi za raketi ya mtu mwingine na ikabidi nizirudie bure.

Kinachofuata nilikishuhudia kwa sababu nilimsindikiza nyumbani na mifuko yake. Mzee alichelewa kurudi kutoka kazini. Alipoingia alikaa kwenye kiti karibu na mlango bila kuvua viatu, yeye mwenye sharti la viatu. Mikono yake ilikuwa bado ina udongo.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha kufuta."

"Baba, mpira uliingia," Ufagio akamjibu papo hapo. "Niliinua kidole kwa pupa tu. Nilipofika karibu nikaona umegusa mstari. Ndiyo maana nikafuta."

"Uligusa?"

"Uligusa, Baba. Ningeshindaje kwa mpira wa watu?"

Alisema bila kupepesa. Kisha akanigeukia mimi, fundi wa nyuzi niliyekuwa hata sijakaribishwa maji. "Muulize huyu. Alikuwa pale pale."

Wote wawili wakanitazama. "Uligusa," nikasema. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia baba mkwe wangu, na lilikuwa la uongo.

Habari zikaenea, kama habari zinavyoenea, kwamba binti wa mtunza viwanja alifuta alama mwenyewe pointi ya mwisho kwa sababu hakutaka kushinda kwa dhuluma. Wenye mashindano wakampa kikombe cha uungwana. Kipo jikoni kwetu, tunaweka vijiko. Ufagio hakipendi kabisa, na mara mbili nimekikuta kwenye taka nikakirudisha, kwa sababu Mzee akija kututembelea hukiomba, humwaga vijiko, hukisugua kwa kitambaa mpaka king'ae, na kukirudisha mahali pake. Yeye husugua, binti yake hutazama pembeni, na mimi huuliza nani anataka chai. Tumepakana mafuta kwa mgongo wa chupa hivyo kwa miaka thelathini na moja.

Aliendelea kucheza miaka tisa zaidi. Tulioana katikati ya hiyo miaka, nikawa nasafiri naye na mashine yangu. Alipanda mpaka ile mia mbili sitini na moja, akashuka, akapanda kidogo, goti likaanza kuvimba. Ule mchujo hakuwahi kuufikia tena. Lakini hilo alilimeza. Kilichomkaa kooni ni kingine: Mzee hakumtazama akicheza tena, hata mara moja. Mashindano yakija klabuni, Mzee alikuwa na bomba la kuziba. Fainali ya wawili wawili, Mzee alikuwa ghalani anapanga ndoo. Ufagio akiwa uwanjani, kabla ya kila sevu, ule mpira wa kuanzisha, alitupa jicho kwenye uzio, sekunde moja tu, halafu akadundisha mpira. Wengine walidhani ni mazoea yake, wachezaji wana vituko vingi. Mimi nilijua anamtafuta nani. Mechi yake ya mwisho kabisa ilikuwa hapo hapo klabuni, akiwa na miaka thelathini na miwili, na Mzee alikuwa nyuma ya ghala ananoa mundu usiohitaji kunolewa.

"Ana aibu na mimi," aliniambia siku ile, amekaa benchi, barafu juu ya goti. "Anaona nilimwaibisha mbele ya wanachama."

Nilimwambia si hivyo, lakini sikuwa na ushahidi. Nami, kwa kweli, nilimkasirikia yule mzee miaka mingi. Mtu gani anashindwa kusimama kwenye uzio saa mbili kwa ajili ya mwanawe?

Macho ya Mzee yalianza kufifia alipokaribia sabini na tano. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Siku moja nikimrudisha kutoka kliniki, nimemshika kiwiko, aliniuliza ghafla: "Mkwe, wewe siku ile ulikuwa umekaa karibu. Ule mpira uliuonaje?"

"Uliingia, Baba," nikasema.

Akacheka kidogo puani. "Haya," akasema, na tukavuka barabara. Nilikuwa na haraka ya kupata kivuli na sikulifikiria tena.

Mwezi uliopita klabu ilitangaza kwamba viwanja vya udongo vinang'olewa, inawekwa saruji iliyopakwa rangi ya buluu. Haihitaji maji wala mtu wa kufagia. Ufagio, ambaye hufundisha watoto pale kila asubuhi, alileta habari mezani. Mzee alikuwa kwetu siku hiyo, anatafuta kijiko kwa ncha za vidole.

"Mpira ukidunda kwenye saruji unaacha nini?" akauliza.

"Hauachi kitu, Baba."

"Basi hawatakuwa na la kufuta." Akaendelea kula.

Ufagio aliweka sahani chini. "Tingatinga linaingia Jumatatu," alisema. "Jumapili asubuhi nataka kucheza uwanja wa tatu. Nataka uje unitazame."

"Nitatazama kwa macho gani, mwanangu? Mimi hata mlango nauona kama ukungu."

"Uje tu, ukae kwenye uzio."

"Bomba la—"

"Baba, huna bomba tena. Umestaafu miaka kumi na tano." Sauti ilimkatika. "Nina miaka hamsini na minne. Sikuombi tena baada ya hapo."

Mzee alitafuta ukingo wa meza akaushika. Kisha akasema watu wazima hawalii juu ya wali, na kwamba atahitaji kofia.

Jumapili ile ukungu mwembamba ulikuwa umekaa juu ya viwanja, na jua lilipoanza kupenya kila kitu kilikuwa chekundu na laini na mbali kidogo, hata wavu, hata mikono yetu. Klabu ilikuwa tupu. Tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa nje ya lango. Ufagio alimwaga maji mwenyewe, akaburuta wavu kwa mzunguko, kuanzia nje kwenda ndani, na Mzee alisikiliza mburuto huo kichwa kimeinama, anarekebisha kwa kidole hewani palipohitaji kurekebishwa. Tukamkalisha kwenye kiti karibu na uzio, pale pale.

Mpinzani wake nilikuwa mimi. Naomba mnielewe: najua nyuzi, sijui tenisi. Nina tumbo na miguu miwili isiyoelewana. Yeye alicheza akitembea, goti lake limefungwa bandeji, na mimi nilikimbia kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Kila mara kabla ya sevu alitupa jicho kwenye uzio. Na safari hii palikuwa na mtu.

Tulikuwa gemu ya nne, sijapata hata moja, nikaupata mpira mmoja vizuri kwa bahati. Ukaruka juu ya wavu, ukaenda mrefu, kwenye pembe ya mwisho upande wake. Ukadunda karibu na utepe. Akanyanyua kidole: nje. Kisha akatembea kuelekea wavuni, na alipofika penye alama mguu wa kulia ukainuka.

Ukabaki hewani. Nilimwona amesimama kwa mguu mmoja kama ndege, raketi imening'inia, haangalii alama, anamwangalia baba yake. Akauteremsha mguu pembeni, polepole, akaenda mpaka kwenye kiti, akamshika Mzee mkono.

"Njoo uamue," akamwambia.

Alimwongoza mpaka kwenye pembe, akamsaidia kupiga magoti, akaiweka mikono yake juu ya utepe. Nami nikavuka nikaja. Mzee aliufuata utepe kwa kidole gumba, msumari hadi msumari, kisha vidole vingine vikatambaa nje yake, wepesi, bila kuuvuruga udongo. Vikaikuta alama. Vikazunguka ukingo wake. Kisha akapima nafasi iliyobaki.

"Nje," akasema. "Huu umetoka vidole viwili." Akavuta pumzi. "Ule wako ulitoka vitatu."

Huko langoni ndege mmoja alikuwa anagonga bati.

"Ule upi, Baba?" Ufagio aliuliza, ingawa alijua.

"Jioni ile nani alifagia? Udongo wa chini ulikuwa umelowa, mvua ya asubuhi. Mguu wako uliondoa vumbi la juu tu. Kishimo cha mpira kilibaki chini yake. Nilikipapasa mpaka giza likaingia." Alikuwa bado amepiga magoti, anaongea na udongo. "Vidole vitatu. Nilikuja nyumbani nikuambie."

"Na mimi nikakuambia uliingia."

"Ulisema vizuri sana. Na mkwe naye, masikini, akatoa jasho." Akatikisa kichwa. "Nikaona ukitaka iwe hivyo, acha iwe hivyo. Mechi ulishanyang'anywa. Nikunyang'anye na zawadi uliyonipa?"

Ufagio aliketi chini, juu ya udongo, na sketi yake nyeupe. Alikuwa analia waziwazi, kama watoto anaowafundisha. "Kwa nini basi hukuja kunitazama? Mimi nilikutafuta kila mechi. Kila mechi, Baba. Nilidhani unanionea aibu."

"Aibu?" Mzee alimgeukia, macho yake yale ya ukungu yamefunguka kabisa. "Nilijaribu. Mashindano yaliyofuata nilisimama nyuma ya ghala nikachungulia. Sikuona mpira hata mmoja. Niliuona mguu wako tu, nikawa naomba usifute, usifute. Nikasema moyoni, hofu hii itamfikia. Ikimfikia, mguu utakumbuka. Nikaenda kunoa vitu."

Mimi niliyemkasirikia miaka yote hiyo nilijifanya natafuta mpira kule kwenye kona, na nilikaa huko mpaka pua iliponyamaza.

Nilipogeuka, Ufagio alikuwa amemnyanyua, anamkung'uta magoti. Akamrudisha kwenye kiti. "Kaa basi," akamwambia. "Namalizana na huyu."

Akanimaliza. Sita kwa sifuri, na sioni aibu kusema. Mzee alikaa wima, mkono mmoja umeshika nyaya za uzio nyuma ya bega lake, na kila mpira ulipodunda kichwa chake kiligeukia upande uliodunda. Pointi ya mwisho ilipopigwa alivua kofia akaipungia, kuelekea upande ambao Ufagio hakuwepo. Ufagio akakimbia mpaka akasimama mbele ya kofia.

"Umeniona, Baba?"

"Nimekuona," Mzee akasema. "Mguu wa kulia unachelewa kidogo."

Tukakusanya mipira. Ufagio akaenda kuuchukua ule wavu wa kuburuta, kwa mazoea, akaufikisha mpaka ukingoni. Uwanja ulikuwa umejaa alama za asubuhi nzima, zake na zangu, na ile moja kwenye pembe.

"Uache," baba yake akamwambia. "Leo waachie watu kazi."

Akauegemeza ukutani. Tukamshika Mzee kila mmoja kiwiko chake, tukatoka, viatu hatukuvikung'uta.